Kifaranga Mwenye Ndevu

"Hii ndege si ile," alisema Natasha, karani wa benki, akairudisha karatasi kupitia tundu la chini ya kioo. "Ile ya kwenye mashine imeinua pua. Hii yako inaanguka."

Benard Ombok aliitazama ndege yake. Kweli ilikuwa inaanguka. Mkono wake ulijulikana Nyakoe nzima kwa kukata ukingo wa nywele ulionyooka kama uzi wa seremala, na sasa mkono huohuo ulikuwa unatoa jasho kwa sababu ya mchoro wa mtoto wa darasa la nne.

Mtoto huyo alikuwa yeye. Mama yake, Anyiko, alimleta hapa Kisii mjini mwaka ambao samaki waliuzika vizuri, akamfungulia akaunti katika Benki ya Ngao. Akaunti yenyewe iliitwa Kifaranga. Ilikuwa ya watoto, na ilikuja na kijibuyu cha plastiki cha kutunzia sarafu. Alipoambiwa atie saini, Benard aliuliza saini ni kitu gani, na mama yake akamjibu kwamba ni jina lako pamoja na kitu ambacho mtu mwingine hawezi kukiiga. Basi mtoto akaandika Ben, na chini ya jina akachora ndege, kwa sababu siku hizo alikuwa na mpango wa kuwa rubani. Mama alisema kweli. Saini ile haikuigika. Hata mwenyewe ilikuwa imemshinda.

"Nipe karatasi nyingine," alisema.

"Hiyo ni ya nne, kaka."

"Wengine wako kwa laini," alilalamika mtu nyuma, lakini hakulalamika sana, maana foleni ilikuwa imeshanogewa. Mzee mmoja mwenye kofia ya pama alisogea mbele akachungulia juu ya bega la Benard.

"Mimi naitwa Machogu," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Hiyo bawa ya kushoto iko chini sana. Hiyo ndege hata Kisumu haifiki."

"Mwacheni, mtamchanganya," alisema mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni.

"Simchanganyi. Namsaidia. Weka bawa juu, kijana."

Benard aliinua bawa. Natasha alitazama karatasi, akatazama mashine, akatikisa kichwa. Hakuwa msichana mbaya. Alitikisa kichwa kwa huruma, kama muuguzi.

Ndipo Benard alipomkumbuka Mwalimu Manasseh. Alipofika darasa la tano, Mwalimu Manasseh alimhamisha kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia kwa msaada wa rula, na tangu hapo mkono wa kushoto ulibaki kazi ya kushika chanuo tu. Alihamisha kalamu. Vidole vya kushoto viliipokea kwa woga, kama mtu anayeingia nyumba aliyowahi kuishi. Herufi zikatoka zimelala. Ndege ikatoka na mabawa yasiyolingana, pua juu.

Natasha alitazama karatasi, akatazama mashine.

"Imekubali."

Foleni ilipiga makofi. Mzee Machogu alipokea pongezi kutoka kulia na kushoto.

"Sasa," alisema Natasha, "mlezi yuko wapi?"

"Mlezi wa nani?"

"Wako. Kifaranga hawezi kufunga akaunti bila mlezi aliyeifungua."

"Dada, mimi niko na miaka ishirini na nne. Niko na ndevu."

"Ndevu naziona. Mashine haizioni." Aliigeuza ili Benard ajionee: picha ya mtoto aliyekosa meno mawili ya mbele. "Ulipopata kitambulisho ungekuja na mama tukubadilishe. Hukuja. Kwa hivyo wewe bado ni kifaranga, na pesa yako inatoka na kidole cha mama. Na mkija, kuna ada ya kufunga."

"Ada ya kutoka?" Mzee Machogu alishtuka kwa niaba yake. "Hata mazishi, mtu akishazikwa hadaiwi!"

*

Benard hakuwa na ugomvi na Benki ya Ngao. Shida ilikuwa viti vya Mokua.

Mokua ndiye aliyekuwa mwenye duka la kinyozi la Nyakoe alimofanya kazi Benard tangu amalize shule: viti vitatu vya kuzunguka, vioo, na jina zuri kwa watu. Sasa mgongo ulikuwa umemchosha Mokua, na majani ya chai yalikuwa yanamwita nyumbani Ekerenyo. Alimwambia Benard, "Wewe ndiye mkono wa hapa. Chukua. Lakini nipe yangu kufikia Ijumaa. Lewis wa Magwagwa ananipigia kila siku, na yeye anataka kuweka spika kubwa hapo mlangoni."

Benard alimjua Lewis. Lewis alinyoa vichwa kama mtu anayefyeka shamba.

Benki ya Mzinga, iliyofunguliwa ng'ambo ya barabara kutoka Ngao, ilikuwa na mkopo wa vijana wa kazi za mikono. Walisema: lete akiba yako kwetu, tuione, nasi tukuongezee juu yake. Na akiba Benard alikuwa nayo. Kila wiki, tangu anyoe kichwa chake cha kwanza, alikuwa akituma kidogo kwenye Kifaranga kwa simu. Kutuma kulikuwa rahisi kama kumwaga maji kwenye pipa. Hakuwahi kujaribu kuyateka.

Mama yake alikuwa na meza ya samaki hapohapo Nyakoe, jirani na ndizi za Nyakerario: ngege wa kukaanga upande mmoja, omena upande wa pili, na katikati gorogoro la kupimia. Benard alimkuta anaparua magamba. Wawili hao wakiwa peke yao walizungumza Kijaluo, lakini mama alipokasirika alihamia Kiswahili, ili majirani nao wasikie.

Alipoelezwa, alihamia Kiswahili.

"Kuhama benki? Wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea, Mama."

"Basi wewe umewakosea nini?"

"Hakuna aliyekosa. Nataka tu kuhama."

"Mtu hahami bila kukosana. Kuhama benki ni kama kuhama kanisa, wuoda, mwanangu. Watu watauliza huyu mtoto wa Anyiko amefanya nini huko." Gamba liliruka likatua kwenye ndevu za mwanawe, hakuna aliyelitoa. "Wewe hujui. Siku niliyokupeleka, meneja mwenyewe alitoka ofisini akanishika mkono. Mimi, nanuka samaki, meneja akanishika mkono. Na kila siku yako ya kuzaliwa wananitumia ujumbe. Baba yako mdogo Osewe amewahi kukumbuka siku yako ya kuzaliwa?"

"Ni kompyuta inatuma, Mama."

"Basi kompyuta ina adabu kuliko Osewe."

Benard alimweleza habari za viti. Akamweleza habari za Lewis na spika. Akaeleza kwamba mtu mzima hawezi kupeleka mama yake mjini kila anapotaka kutoa pesa ya kununua mashine ya kunyolea. Anyiko alizidi kuparua. Samaki aliyekuwa mkononi alikuwa ameshaisha magamba zamani.

"Kwa hivyo mimi ndiye nakuzuia," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo, kwa Kijaluo.

"Sijasema hivyo."

"Umesema mtu mzima."

Ni Nyakerario aliyeingilia, akiwa amesikia nusu ya kwanza yote na kubahatisha nusu ya pili.

"Mama Ben, si uende tu ukawaage? Hata msichana wa kazi akiondoka kwa watu, anaaga. Kijana akienda peke yake ndio itaonekana mmekosana."

Anyiko aliifikiria hoja hiyo. Ilikuwa na heshima ndani yake.

"Kuaga," alisema. "Kuaga naweza. Lakini sifungi kitu."

*

Alhamisi Anyiko alivaa gauni lake la Sabato, akafunga ngege wawili wakubwa wa kukaanga ndani ya foili kwa ajili ya meneja. Mlangoni mwa Benki ya Ngao askari alipitisha kifaa chake juu ya kifurushi, na kifaa kikapiga kelele.

"Mama, ndani kuna nini?"

"Ngege."

"Ngege gani inalia?"

Ikabidi kifurushi kifunguliwe. Harufu ya samaki wa mafuta mapya ilisambaa ukumbi mzima, na watu waliokuwa wamekaa wakitazama namba zao waliinua vichwa kama kondoo waliosikia mvua. Askari alikifunga tena polepole, kwa masikitiko.

Natasha aliwakaribisha vizuri. Alimwita Anyiko mama, akamsalimia "bwakire" ya Kigusii kwa mazoea kisha akajirekebisha, na Anyiko akamjibu "bwakire buya" kuonyesha kwamba hakuuza samaki Gusii miaka yote hiyo bure. Halafu akamuulizia meneja.

"Meneja yupi, mama?"

Anyiko alimweleza: mrefu, ana pengo, mkono laini.

"Ah, huyo alihamishwa Eldoret. Zamani sana. Hata mimi sikumkuta."

"Aliondoka bila kuaga?"

Anyiko aliweka ngege juu ya kaunta, akabaki akiwatazama.

"Basi, mama," alisema Natasha taratibu, "tuanze na kidole. Hapa. Gumba."

Anyiko alikuwa amekuja kuaga tu, lakini kidole kiliombwa kwa adabu, na hakuona ubaya wa kukitoa. Alikiweka kwenye kijisanduku cheusi. Taa nyekundu. Akaweka cha pili. Nyekundu. Natasha alimwomba apanguse, apulize, abonyeze, asibonyeze sana. Vidole vyote vya mkono wa kulia vikapita, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikakataliwa.

"Mama, vidole vyako havina alama."

"Alama gani?"

"Zile mistari. Zimefutika. Labda ni chumvi, ama ni kazi." Natasha alishusha sauti. "Mashine haiwezi kujua kama wewe ni wewe. Itabidi uende kwa chifu akuandikie barua, halafu kwa wakili uape, halafu tutume makao makuu."

"Niape nini?"

"Kwamba wewe ndiye Anyiko."

Benard alingoja mama yake apandishe Kiswahili, ukumbi mzima usikie. Hakupandisha. Alitazama ncha za vidole vyake, akavigeuza, akavitazama tena, kama mtu aliyepekua mfuko na kukuta una tundu.

"Vidole hivi ndivyo vilileta pesa hapa," alisema. "Zilipokuwa zinaingia, hakuna aliyeuliza mistari."

Akaenda akaketi kwenye benchi karibu na dirisha, mikono ameificha chini ya mkoba.

Ukimya ule ulimwogopesha Benard kuliko hasira. Mama yake alikuwa mtu wa kubishana na mvua. Benard alisimama hapo kaunta, nyuma yake mtu wa namba inayofuata akikohoa, na hakuwaza Ijumaa wala viti. Aliwaza tu kwamba yeye ndiye aliyemleta hapa aambiwe hajulikani.

Mkoba wake wa kazi ulikuwa begani. Kulikuwa na mteja wa nyumbani, mzee mgonjwa wa Daraja Mbili, ambaye Benard alipaswa kumnyoa baadaye. Akautua sakafuni. Akatoa taulo dogo, akaenda kwenye mtungi wa maji ya wateja, akafungua bomba jekundu la maji moto, akalilowesha taulo hadi likatoa mvuke.

"Kaka, hayo ni maji ya kunywa," alisema askari.

"Najua."

Alichuchumaa mbele ya mama yake. "Lete mkono."

"Wa nini?"

"Lete tu."

Alimfungia mkono kwenye taulo, kama anavyowafungia wateja kidevu kabla ya wembe, akaubana, akangoja ngozi ilegee. Kisha akapanguza kidole kimoja kimoja kwa spiriti, akatoa ile chupa ya mafuta yenye harufu ya mnanaa ambayo wateja wa siku ya harusi ndio humwomba, akaanza kuvikanda. Alikuwa ameshika vichwa vya Nyakoe nzima. Alishika masikio ya walimu, ya wachungaji, ya diwani. Mikono hii hakukumbuka mara ya mwisho kuishika. Ilikuwa migumu kuliko alivyodhani, na gumba lilikuwa na kovu la kisu ambalo hakujua habari zake.

"Hii ni ya lini?"

"Ulikuwa na mtihani wa darasa la nane. Ungeuliza ungeshindwa kusoma."

Akaendelea kukanda.

"Unaniumiza."

"Tulia, Mama."

"Hivyo ndivyo unavyowaambia wateja?"

"Wateja hawaongei hivi."

Watu waliokuwa wakitazama namba zao sasa waliwatazama wao. Mwanamume mmoja mwenye tai aliuliza kwa kunong'ona kama huduma ile ni ya benki na inalipiwa wapi. Natasha alinyanyuka kitini, akakichukua kijisanduku, akajaribu kukileta benchini. Waya ukamzuia nusu ya njia, akabaki amekishika hewani kama mtu anayemlisha farasi.

"Mama, njoo. Tujaribu mkono wa kushoto."

Kidole gumba, nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Cha kati kiliwaza kidogo, kikakataa. Cha pete, kile ambacho hakishiki kisu wala samaki, kinachokaa tu na wenzake, kiliwekwa juu ya kioo, na taa ikawa ya kijani.

"Imekubali!" alipiga kelele askari, ambaye haikumhusu.

Natasha alibonyeza hapa na pale, halafu akasita. Alikuwa na kitu cha kusema na ilionekana hakukitunga yeye.

"Kabla hatujafunga, mama, mashine inataka niulize. Kwa wateja wanaotaka kuondoka tuna zawadi. Kifaranga akibaki, atapewa kikombe." Akainama, akatoa kikombe cha plastiki cha manjano chenye picha ya kifaranga aliyevaa miwani.

Benard alifumba macho. Mama yake alipenda vitu vya bure. Mama yake alikuja kuaga tu; alisema hafungi kitu, naye ni mtu wa kusimama kwenye neno lake. Anyiko alikipokea kikombe, akakigonga kwa ukucha kusikia ubora wake.

"Kikombe nipe," alisema. "Akaunti funga."

"Mama, kikombe ni kwa anayebaki..."

"Na hao samaki ni kwa meneja aliyebaki. Yuko?"

Natasha alitazama ngege. Akatazama huku na huku. Kisha akabonyeza kitufe cha mwisho, na mashine ikakata ada yake, ikatoa karatasi ndefu, na Kifaranga Benard akatoka duniani. Kifurushi cha foili kikaingia chini ya kaunta.

*

Walivuka barabara, wakaingia Benki ya Mzinga. Kijana anayeitwa Josiah, mwenye fulana mpya na peremende kwenye sinia, aliwakalisha, akaitazama karatasi ndefu, akatabasamu.

"Karibuni nyumbani! Mkopo utasoma kwa akaunti Jumatatu."

Anyiko alichukua peremende mbili. "Na siku akitaka kutoka?"

Josiah alicheka. "Mama, kwa nini atake kutoka?"

"Sijauliza kwa nini. Nimeuliza mlango."

Josiah aliacha kucheka. Alifungua droo, akafungua nyingine, akaenda kumuuliza mwenzake, na wawili hao wakainamia kompyuta kwa muda mrefu wakisogeza kitu juu na chini. Anyiko alimenya peremende. Benard alitaka kumwambia twende, halafu akaona hapana, naye akachukua peremende akangoja jibu pamoja naye.

Waliporudi Nyakoe, mvua ya mchana ilikuwa imeshapita na barabara inatoa mvuke. Benard alikwenda kumnyoa mgonjwa wake akiwa amechelewa, akarudi jioni, akamkuta Mokua amesimama kwenye meza ya mama, mkono mmoja kiunoni.

"Nasikia ni Jumatatu," alisema Mokua.

"Ni Jumatatu."

"Nilisema Ijumaa."

"Ulisema."

Mokua alinung'unika, akanyoosha mgongo ukalia, akatia mkono mfukoni. Akatoa funguo mbili zilizofungwa kwa uzi. Alihangaika na fundo, akalifungua kwa meno, akampa Benard mmoja. Wa pili akaurudisha mfukoni.

"Huu utaupata Jumatatu. Lewis nitamwambia simu ilizima." Akageukia meza. "Mama Ben, nipimie omena za kwenda nazo Ekerenyo."

Anyiko hakunyanyuka. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, bado na gauni la Sabato.

"Jipimie," alisema.

"Mimi?"

"Gorogoro hilo hapo. Usijipunje, usinipunje."

"Tangu turudi amekataa kushika kitu," alisema Nyakerario. "Watu wanajihudumia. Mmoja ameniuliza kama ameokoka upya."

Mokua aliinama kwa shida, akaanza kuchota. Omena chache zilimwagika, akaziokota moja moja. Anyiko hakumtazama. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, na kila baada ya muda aliinua mmoja hadi puani, akanusa mnanaa, akaurudisha mkono taratibu mahali pake.